Fremu tupu za High Street

Duka la nyuzi limebandika karatasi kwenye kioo: mwisho wa mwezi linafungwa. Nimeisoma jioni hii nikitoka kazini, na tangu nifike nyumbani sijaweza kuwaza jambo jingine. Basi niandike.

Naishi Margate, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Kent, Uingereza. Mtaa wake wa maduka unaitwa High Street, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi hii, nao unapanda kilima kutoka ufukweni. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo mtaa huo naupita kwa miguu, asubuhi na jioni, mvua na jua. Duka la nyuzi ndipo mahali pa kwanza katika mji huu ambapo mtu aliniuliza jina langu na safari iliyofuata akalikumbuka. Nilikuwa natafuta uzi wa kufumia vitambaa vya makochi, kama vile mama alivyokuwa akifuma nyumbani. Mama mwenye duka akashusha maboksi mpaka la juu kabisa, akaniwekea rangi zote mezani, akataka nimwonyeshe mkono wangu unavyokwenda. Nikaonyesha. Toka siku hiyo nikipita ananipungia mkono, na nikipotea huuliza nilikuwa wapi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu mwenye duka anajua mtoto aliyesimama mbele yake ni wa nani, ametumwa nini, na deni la mama yake limefika wapi kwenye daftari. Sikutarajia kujulikana hivyo huku. Nilijulikana, na sasa napokonywa.

Watu wengi wakiulizwa kwa nini maduka yanafungwa husema ni intaneti. Wana haki kwa sehemu: zaidi ya robo ya mauzo ya rejareja ya Uingereza siku hizi hufanyika mtandaoni, na mwanzoni mwa 2021, watu walipofungiwa ndani na korona, yalivuka theluthi. Lakini fremu za hapa zilianza kuachwa wazi kabla ya hapo. Mwaka 2005 kilifunguliwa kituo kikubwa cha maduka, Westwood Cross, kwenye uwanda ulio kati ya Margate, Ramsgate na Broadstairs. Miji mitatu, kituo kimoja, na gari unaegesha bure. Maduka yenye majina yakahamia huko, na wateja wakayafuata. Lipo basi liitwalo Loop linalozunguka miji hiyo na kupita Westwood. Wazee wangu wanaoweza kupanda ngazi za basi hulitumia. Wasioweza wamebaki na mtaa usio na cha kununua.

Kisha likaja anguko la Woolworths, maduka yaliyouza vitu vya kila aina kwa bei nafuu. Kampuni hiyo ilifungua duka lake la kwanza la Uingereza mjini Liverpool mwaka 1909. Januari 2009 ilifunga la mwisho kati ya maduka 807, na watu wapatao 27,000 wakapoteza kazi. Katika mji mkubwa, duka moja likifungwa watu wanahamia la pili. Katika mji mdogo Woolworths ndiyo iliyokuwa sababu ya kutoka nyumbani Jumamosi: mtu alifuata balbu au daftari la shule, na akiwa njiani akaingia kwa mwokaji mikate, akapitisha viatu kwa fundi. Ikiondoka yenyewe, hao wadogo wanakosa wapita njia. Mama wa duka la nyuzi anasema yeye aliuona mtaa ukipungua watu majira yale yale ya baridi, tena bila yeye kubadilisha chochote dukani kwake.

Leo nimekaa naye mpaka akafunga. Amenieleza habari ya kodi ya serikali kwa majengo ya biashara, na naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonichoma zaidi. Kodi hiyo haiangalii umeuza kiasi gani. Inakadiriwa kwa thamani ya pango la jengo, na thamani hiyo inapangwa na wakadiriaji wa serikali kila baada ya miaka kadhaa. Makadirio yaliyoanza kutumika 2010 yalitumia bei za pango za Aprili 2008, yaani kabla ya msukosuko wa uchumi. Yalitakiwa kurekebishwa 2015. Serikali ikaahirisha hadi 2017. Kwa hiyo kwa miaka saba, miji ambayo pango lilikuwa limeporomoka iliendelea kutozwa kama vile bado ni 2008, wakati mitaa ya fahari ya London, ambako pango lilipanda, ilikuwa inalipa kwa bei ya zamani. Mwaka 2017 msamaha wa kodi hiyo kwa maduka madogo ulipanuliwa, na la kwake likawemo. Lakini akiba yake na ya marehemu mumewe ilikuwa imeshakwenda. “Walinisaidia nikiwa tayari nimezama, mpenzi,” ndivyo alivyoniambia. Huku wanawake wa umri wake humwita kila mtu mpenzi.

Nikamuuliza kuhusu mwenye fremu. Hajapata kumwona. Anamlipa wakala, na wakala yuko London. Alipoomba apunguziwe pango alijibiwa kwa barua kwamba haiwezekani. Fremu mbili zinazopakana naye zimekaa tupu kwa miaka, barua zimerundikana nyuma ya mlango, na pango linalotakiwa ni lile lile. Ilinichukua muda kuelewa mtu anapata nini kwa kuacha jengo lake livundike. Mengi ya majengo haya ni mali ya mifuko na makampuni yanayoyahesabu vitabuni kwa pango lililoandikwa kwenye mkataba. Ukipunguza pango la fremu moja, thamani ya jengo inashuka kwenye karatasi, na benki iliyokopesha kwa dhamana yake inaanza kuuliza maswali. Basi heri likae tupu. Hasara anaibeba nani? Anaibeba yule anayepita hapo kila siku, si yule mwenye karatasi. Hili naliona ni dhuluma, na sitafuti neno laini la kulisema.

Siyo kwamba hakuna lililojaribiwa. Mwaka 2012 Margate ilikuwa miongoni mwa miji 12 ya kwanza kupewa fedha za mpango wa Mary Portas, mtaalamu wa maduka ambaye serikali ilimwomba achunguze mitaa hii. Kila mji ulipata takriban pauni 100,000. Mwaka mmoja kabla yake lilifunguliwa jumba la sanaa la Turner Contemporary, pale pale ufukweni, nalo limeleta wageni wengi. Vichochoro vya mji wa kale vimejaa migahawa, maduka ya samani za zamani na nguo za zamani. Nafurahi kuviona vina watu. Ila mgeni wa Jumapili anaishia chini. Ukipanda kilima unakutana na vinyozi, mafundi simu, watengeneza kucha, maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, ambayo husamehewa asilimia 80 ya kodi ile, halafu mbao zilizogongelewa misumari. Siwalaumu vinyozi. Wengi wao ni wahamiaji kama mimi, na wamethubutu kuchukua fremu ambazo hakuna aliyezitaka.

Ninaowafikiria zaidi ni wazee wangu. Nchini kote zaidi ya matawi 6,000 ya benki yamefungwa tangu 2015, na mzee asiye na simu ya kisasa anabaki anaomba msaada hata wa kutoa pensheni yake. Ninaye bibi mmoja ambaye zamani alikuwa akishuka High Street kila asubuhi: maziwa, gazeti, stempu, maneno mawili matatu kwa kila mlango. Safari ya saa moja kwa kazi ya dakika kumi. Sasa bidhaa zake analetewa na gari la supamaketi. Anazipata zote, tena hazijapungua. Lakini miguu yake imelegea kwa kukosa pa kwenda, na kijana wa gari hana muda wa kusimama. Simu yake inamhesabia dakika. Ninapofika jioni, mara nyingi mimi ndiye mtu wa kwanza kusikia sauti yake siku hiyo.

Tangu Desemba 2024 halmashauri za Uingereza zina mamlaka mapya. Fremu ikikaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miaka miwili, halmashauri inaweza kuinadi kwa mpangaji kwa mkataba wa mwaka mmoja hadi mitano, mwenyewe apende asipende. Nimelisoma tangazo hilo mara mbili usiku huu. Zile fremu mbili jirani na duka la nyuzi zinatimiza sharti hilo. Kwa hiyo nimeanza barua kwa diwani wa kata yetu. Kiingereza changu cha barua si kizuri kama cha mdomo, lakini mama wa nyuzi ataipitia kesho, na wanawake wa kundi la kufuma la Alhamisi wamesema watatia sahihi.

Kundi lenyewe, wanawake kumi na kitu, wengi wajane, limekuwa likikaa nyuma ya duka hilo kwenye viti vya kukunja. Kuanzia mwezi ujao halina mahali. Wawili watauliza kanisani, mimi nitauliza maktaba. Viti ni vya mama. Amesema tuvichukue vyote, na nyuzi zilizobaki tumlipe tukiweza.