Mpya au mtumba? Hesabu ya gari la familia hapa Ohio

Jumamosi moja ya Februari nililala chali kwenye yadi ya magari hapa Columbus, Marekani, juu ya boksi la friji nililotoka nalo nyumbani, tochi mkononi, nikitazama tumbo la Toyota Camry ya mwaka 2018. Mume wangu alichutama pembeni ameshika simu. Kwenye simu alikuwa baba yangu, Tanga. Kwetu ilikuwa saa tano asubuhi, kwake saa moja jioni, taa ya barazani inawaka nyuma yake.

"Mwanangu, rangi usinionyeshe," alisema. "Rangi hata mimi nitapaka. Nionyeshe chesisi."

Baba ni fundi. Ametengeneza magari kwa zaidi ya miaka 30, na wateja wake wengi ni watu wa pwani ambao magari yao yanalala hatua chache kutoka baharini. Nusu ya kazi yake ni kupambana na kutu. Huku hatuna bahari, lakini chumvi tunaila kuliko Tanga: theluji ikidondoka tu, malori yanapita yakiimwaga barabarani ili barafu iyeyuke, na inaanza kutafuna chini ya gari, pale ambapo mnunuzi hatazami.

Sisi hatukutazama mara ya kwanza. Gari letu la kwanza hapa tulilinunua kwa macho. Lilikuwa linang'aa, viti vya ngozi, bei ya kuvutia. Dirishani palikuwa na ile karatasi ambayo sheria ya serikali kuu inamtaka kila mwenye yadi aibandike kwenye gari la mtumba, na kisanduku kilichowekewa alama kilisema linauzwa kama lilivyo, bila waranti. Tukasaini. Mwezi wa 14 mume wangu alipeleka gari kubadilisha matairi, fundi akamwita aone. Fremu ya mbele inayobeba injini ilikuwa na tundu ambalo vidole viwili vilipita. Fundi alisema gari hilo hapaswi kupanda mtoto. Tukaliuza kwa uzito wa chuma, tukabaki na marejesho ya miezi 58 ya gari ambalo halipo. Miaka ile ilituumiza, na ndiyo sababu ninaandika haya kwa kirefu, kwa ajili ya wale mnaofika sasa na kuambiwa na kila mtu kwamba bila gari huku hakuna kazi. Ni kweli. Maghala yanayoajiri watu wetu yako pembezoni mwa mji, na zamu ya usiku inatoka saa ambayo basi halipiti.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo tunapoumizwa zaidi.

Ukiingia yadi, muuzaji hatakuuliza una shilingi ngapi kwa ujumla. Atakuuliza, "Kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Ukitaja 400, umeshampa kamba. Chukua mkopo wa dola 20,000. Kwa riba ya asilimia 7 kwa miezi 60, unalipa dola 396 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 14 kwa miezi 72, unalipa dola 412. Tofauti ya mwezi ni dola 16, huioni. Sasa zidisha. Mkopo wa kwanza ukiisha utakuwa umetoa kama dola 23,760. Wa pili, dola 29,670. Gari ni lilelile, na dola 5,900 zimekwenda. Pesa hizo ni paa la nyumba ya mama, ni ada ya mdogo wako mpaka amalize.

Na hiyo riba ya asilimia 14 haimkuti mtu mvivu. Inamkuta mgeni, kwa sababu huku ukiwa hujawahi kukopa, huna alama za mikopo, na asiye na alama anahesabiwa kama asiyeaminika. Kwa hiyo kabla ya kwenda yadi, pitia kwenye chama cha akiba na mikopo. Viko katika kila mtaa, na vinaendeshwa kama SACCOS zetu: wanachama ndio wenye mali. Fungua akaunti miezi mingi kabla, weka chochote, omba kadi ndogo ya mkopo, ilipe yote kila mwezi. Siku ukihitaji gari wakupe barua ya kiasi wanachokubali kukukopesha na riba yake. Ukiwa na barua hiyo mkononi, mazungumzo ya yadi yanakuwa juu ya bei ya gari tu.

Kuna wenzetu ambao riba hawaigusi kabisa kwa imani yao, na nimeona wakifanikiwa. Jirani yangu, mama wa Mombasa, alicheza upatu na wenzake, watu 10, dola 1,000 kila mmoja kwa mwezi. Zamu yake ilipofika alinunua Honda Accord ya mwaka 2013 kwa taslimu. Alisubiri miezi saba akipanda basi mbili. Leo hana deni la gari kwa mtu yeyote.

Basi, mpya au mtumba? Kwetu nyumbani swali hili halipo. Gari linatoka Japani likiwa limeshatumika, na Premio ya miaka saba tunaiita mpya. Huku mpya ipo mbele yako, na wanakuambia unaweza kuondoka nayo leo.

Niliipigia hesabu kwa moyo mweupe. Camry ya mwaka 2025 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 28,400, kabla ya usafirishaji na kodi. Tangu toleo hilo Camry zote ni haibridi, yaani injini ya petroli inasaidiwa na mota ya umeme, na ile ya daraja la LE inakwenda maili 51 kwa galoni, sawa na kilomita 21 na ushee kwa lita. Kwa kweli inashangaza kwa gari la ukubwa ule. Ya 2018 isiyo haibridi inakwenda kama maili 32. Sisi tunaendesha maili 15,000 kwa mwaka, maana mimi nahudumia wazee majumbani mwao. Galoni ikiwa dola 3, haibridi ingetuokolea kama dola 525 kila mwaka. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ilikuwa dola 11,800. Ingechukua zaidi ya miaka 22 kwa mafuta peke yake kuirudisha. Mtu akikuambia nunua mpya kwa sababu ya mafuta, mwombe mfanye hesabu hiyo pamoja.

Lakini mpya ina nguvu zake. Hyundai na Kia wanatoa waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, na hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza. Ukiwa wa pili inashuka hadi miaka 5 au maili 60,000 tangu gari lilipoanza kutumika. Kwa familia yenye kipato cha uhakika inayokusudia kukaa na gari mpaka mtoto wa darasa la kwanza aingie chuo, ikapata na riba ndogo ya ofa, Sonata mpya ya Hyundai ni uamuzi wa busara, sitabishana.

Kitu nisichokipenda ni katikati. Tangu uhaba wa vipuri vya kielektroniki wa mwaka 2021, magari ya mtumba yalipanda bei sana, na gari la mwaka mmoja au miwili lililobaki na sifa linauzwa karibu na bei ya jipya, huku riba ya mkopo wa mtumba ikiwa kubwa zaidi. Ukitaka mtumba, shuka hadi miaka mitano, sita, saba. Hapo ndipo bei inapolegea wakati injini bado ina maisha.

Na uchaguzi wenyewe umepungua. Wamarekani wamehamia kwenye SUV, yale magari ya juu yenye umbo la jipu. Ford iliacha kutengeneza Fusion mwaka 2020, Chevrolet Malibu ya mwisho ilitoka kiwandani Novemba 2024. Saluni za ukubwa wa kati zilizobaki zinahesabika, na kwa sababu wengi hawazitaki, bei yake ni nafuu kuliko SUV ya umri uleule, matairi yake ni rahisi, na watoto wanaingia wenyewe bila kunyanyuliwa. Accord ina heshima ya pekee hapa Ohio: ilianza kuundwa Marysville, mwendo usiofika saa moja kutoka kwetu, Novemba 1982, ikaendelea hapo kwa miaka mingi. Kila fundi wa mtaani anaijua kwa kupapasa. Sonata ya mtumba ni nafuu zaidi, ila uliza mambo mawili. Injini za baadhi ya miaka, kuanzia zile za 2011 na 2012, ziliitwa kiwandani kurekebishwa. Na Hyundai na Kia nyingi za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha hazikuwa na kifaa cha kuzuia wizi, vijana wakazifanya mchezo. Toka mwaka 2023 kuna programu ya kuziba pengo hilo bila malipo. Hakikisha imewekwa, kisha ipigie kampuni ya bima uwape namba ya chesisi wakutajie bei kabla hujalipa hata senti.

Namba hiyo ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, ukiiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu, inakuonyesha bure kama gari linadaiwa marekebisho ya kiwandani. Mkitembea yadini ipigeni picha kwenye kona ya kioo cha mbele, upande wa dereva, mkaitafute mkiwa nyumbani.

Ukaguzi wa lazima wa usalama kila mwaka, Ohio haupo kwa magari madogo. Upande wa Cleveland na Akron wanapima moshi, Columbus hata huo hatupimi. Maana yake gari linaweza kuoza chini na bado lina namba halali. Mkaguzi ni wewe.

Camry ile ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Accord ya 2016, nzuri juu, na baba aliikataa dakika ya pili. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mbichi, inanukia. "Gari la miaka yote hiyo limepakwa wanja wiki hii," alisema. "Linaficha nini?" Ya pili tulifika saa mbili asubuhi kama tulivyoahidiana, tukakuta boneti ya moto. Walikuwa wameshaiwasha. Injini inayokataa baridi ndiyo hupashwa moto kabla mteja hajafika, tukaondoka.

Kwenye hii ya tatu boneti ilikuwa na barafu. Mume wangu akaiwasha, mimi nikasogeza simu karibu na injini. "Zimeni hita," baba akasema, kisha akanyamaza, akainamisha sikio kwenye simu yake kama anayesikiliza taarifa ya kifo au ya uzazi. "Sawa. Sasa chini."

Chini nilikuwa na bisibisi. Alinielekeza: kwanza kingo za chini ya milango, kisha pale mikono ya magurudumu inaposhikana na fremu, kisha bomba za breki. Kutu ipo, na haiwezi kukosa kwenye gari la huku. Ile ya rangi ya chai, ukiikwangua inatoka unga na chuma kinabaki kigumu, hiyo ni ya juu juu. Ile inayobanduka kama maganda ya kitunguu ndiyo ya kukimbia. Niligonga kila mahali kwa mpini wa bisibisi, sauti ikarudi ngumu, ya chuma kamili. Unga ukaniingia jichoni nikaendelea kugonga. Nilikuwa nawaza watoto wangu watatu wamekaa juu ya bati lile.

Nao viti vyao tulikuwa navyo kwenye gari la rafiki. Sheria ya hapa inataka mtoto wa chini ya miaka 4, au wa chini ya pauni 40, akae kwenye kiti chake maalumu, na mkubwa zaidi apandishwe kwenye kiti cha kunyanyua mpaka atimize miaka 8 au afikie futi 4 na inchi 9. Tulivifunga vyote vitatu nyuma, pale pale yadini, muuzaji akisubiri kwenye baridi. Viliingia kwa kubanana, milango ikafunga. Usiamini vipimo vya karatasi, beba viti vyako.

Baada ya hapo tulimlipa fundi asiyehusiana na yadi dola 150, akaipandisha juu na kuchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Aliangalia pia kama kumbukumbu za hitilafu zilifutwa karibuni, maana kuna wanaozifuta asubuhi ili taa ya injini isiwake mbele ya mteja. Hazikuwa zimefutwa. Alitupa orodha ya vitu viwili: breki za nyuma zimebaki kidogo, tairi moja limelika upande. Kwa orodha hiyo bei ilishuka hadi dola 16,600. Na kodi na karatasi ikafika 18,000. Tulitanguliza 5,000, chama kikatukopesha 13,000 kwa asilimia 7, miezi 48, marejesho dola 311.

Mwezi wa baridi tunaiosha kila baada ya wiki mbili kwenye mashine inayopiga maji chini ya gari, hata kama juu ni safi. Kila tukiiosha nainama na simu nampigia baba picha za chini, naye anazikuza kwa vidole, anazisoma moja moja. Jana usiku nimekuta ujumbe wake: "Shikamoo ya wajukuu nimeipata. Bomba la breki, nyuma kushoto, pale kwenye kishikizo. Kikwangue, ukipake grisi kabla theluji haijarudi."