Keki ya harusi na AC ya pikapu

Dada yangu anaoka keki za harusi, na enzi hizo, 2016, alikuwa anazipeleka kwa wateja na pikapu dabo kebini aliyoinunua mkononi kwa mtu. Watu walikuwa wanacheka, keki na pikapu wapi na wapi, ila mwenyewe alikuwa na hesabu zake: nyuma kwenye bodi zinakaa stendi, meza na magunia ya unga, keki yenyewe inakaa ndani kiti cha nyuma, kila ghorofa na boksi lake, juu ya ubao tuliokata ili ilale sawa. Dereva mimi. AC lazima iwashwe kabla keki haijatoka jikoni, hiyo ilikuwa sheria, na ukishusha kioo hata kidogo ununue maji kwa machinga unasikia huko nyuma "we, funga!"

Sasa Februari ya Dar mnaijua. Siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi na mchana wa mwezi huo unacheza humo humo, 32, 33, na hiyo ni kivulini, ndani ya gari lililoshinda juani usiniulize. Ndo mwezi ambao AC iliamua kuanza kupuliza upepo wa kawaida tu. Tukamwita fundi mmoja wa barabarani huku kwetu Mbagala, akaja na mtungi, akachomeka mpira, gari linaunguruma, akajaza gesi, baridi ikaja, akachukua elfu 50 yake akaondoka. Hakuangalia kitu kingine chochote. Baridi ikakaa kidogo ikaondoka tena. Tulipomrudia akasikilizia, akasema mnasikia hii kompresa, pampu ya kusukuma gesi, kilachi cha kuiunganisha na injini hakinasi, kweli ile "ta!" ya kunasa ilikuwa haipo, basi imekufa hiyo, tafuteni laki tatu na nusu niwaletee ya mtumba.

Na Jumamosi kuna keki ya ghorofa tano ya kwenda Tabata. Toka Mbagala mpaka Tabata kwa foleni za wakati ule, flyover ya Tazara bado haijafunguliwa, unaweza kukaa pale Tazara mpaka ukasahau ulikuwa unaenda wapi.

Jirani yetu mmoja dereva wa lori akasema kabla hamjanunua kompresa nendeni Gerezani, kuna mzee pale anashughulika na AC tu, hagusi kitu kingine. Tukaenda mimi na dada. Tumemkuta amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, miwani imefungwa kamba, vijana wake wanamwita Babu, na sisi tukamwita Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba wanangu. Imefanyaje?"

Dada akaanza moja kwa moja, Babu gesi imeisha, nijazie tu, Jumamosi nina keki ya watu. Mzee akamwangalia. "Imeisha imeenda wapi?"

Dada kimya.

"Gesi ya AC hainywewi mama. Dizeli inaungua, oili inachakaa, gesi ya AC inazunguka humo humo, inatoka kompresa, inaenda kondensa huko mbele kutoa joto, inapita kwenye valvu, inaingia ivapoleta nyuma ya dashibodi inakotoka baridi, inarudi kompresa. Kama haipo kuna tundu. Nikikujazia leo nakuuzia gesi ya kupeleka hewani."

Habari ya kompresa kufa ndo ilimchekesha kabisa. Akafunga geji zake mbili za presha, ya bluu ya upande wa presha ndogo na nyekundu ya presha kubwa, zote zimelala chini, akatuonyesha: haijafa, imekatazwa. Kuna swichi kwenye paipu, presha ikishuka sana inakata umeme wa kilachi, kwa sababu oili ya kulainisha kompresa inasafiri pamoja na gesi, bila gesi kompresa inazunguka kavu inajila yenyewe. Yaani ile swichi ilikuwa imeiokoa kompresa ya dada na yule fundi wetu alikuwa anataka kuing'oa. Nilimwangalia dada, nikaona anapiga hesabu ya laki tatu na nusu kimoyomoyo.

Basi Babu akachukua tochi akaanza kupitia mapaipu taratibu, bila kufungua kitu. Alikuwa anatafuta vumbi. Mi nikajiuliza gari la Mbagala unatafuta vumbi wakati limejaa vumbi, kumbe anatafuta vumbi lenye mafuta, maana gesi ikitoka inatoka na oili kidogo, oili inashika vumbi, panabaki doa jeusi linalonata. Akaangalia kondensa mbele kule, maana pikapu zinapigwa sana na kokoto pale, akakuta safi. Akaja kwenye maungio, safi. Akafika kwenye paipu moja ya aluminiamu inayopita karibu na kishikio cha chuma pembeni ya injini, akasimama. Doa hilo hapo. Kuna mtu siku za nyuma alifungua rejeta, wakati wa kurudisha akaacha klipu moja ya kushikilia paipu, klipu ya bei ya andazi, basi paipu ikawa inacheza, inasuguana na chuma kila gari linapotikisika.

Hapo mi nilifikiri kazi imeisha ila Babu akasema doa ni mtuhumiwa tu, hajahukumiwa. Kijana akaleta mtungi wa nitrojeni. Nikauliza kwa nini wasijaze upepo tu wa matairi, akasema upepo ule una maji, na maji humu ndani ni sumu, yakichanganyika na oili na gesi yanazaa asidi, mengine yanaganda pale kwenye valvu AC inakuwa inapoa inaacha inapoa inaacha. Wakajaza nitrojeni mpaka psi 150 kwenye geji, wakaleta kopo la povu la sabuni ya vyombo na brashi.

Sasa hapa ndo dada yangu alipoingia kazini. Kaangalia lile povu, jepesi, linateremka kwenye paipu kabla halijaonyesha kitu. Akasema kijana lete hapa. Akaongeza sabuni, akapiga na uma, sijui kautoa wapi huo uma Gerezani, akapiga vile anavyopiga ute wa mayai mpaka povu likasimama. Babu hakusema neno, akalipaka. Kwenye doa vipovu vikaanza kuota kimoja kimoja, pole pole, tundu lenyewe kwa macho huoni. Akapaka na maungio mengine yote, na sehemu ya mbele ya kompresa, hamna kitu. "Mama," akasema, "ukichoka keki njoo."

Paipu ikang'olewa ikapelekwa kwa fundi wa kuchomelea aluminiamu mtaa wa pili. Ugomvi ukaja kwenye draya. Draya ni kile kikopo cha kunyonya unyevu, kina punje ndani, Babu akasema mfumo ukishakaa wazi hivi punje zimeshiba maji, hiki tunabadilisha, na oringi, vile vipete vya mpira vya maungio tuliyofungua, tunabadilisha. Dada akaona hapa ndo wanapopigia watu, akakataa. Walibishana pale na chai ikaletwa katikati ya ubishi wakanywa wakaendelea. Mwisho Babu akamwambia sawa, nifunge bila draya, lakini usiseme umetengenezewa na mimi. Dada akalipa. Mi binafsi naona hilo ni neno zito kuliko garantii yoyote ya kuandikwa, fundi anayeona aibu kazi yake mbovu ionekane.

Wakafunga, wakaongeza oili kidogo kufidia iliyotoka, wakaweka klipu mpya, halafu ikaja pampu ya vakyumu. Hii ilikaa inanguruma muda mrefu sana, dada anaangalia saa, Babu anatueleza kwamba ukivuta hewa yote maji yaliyojificha humo yanachemka bila moto, kwa joto hili hili la Dar, yanatoka kama mvuke. Alipozima pampu hakugusa kitu. Akakaa anaiangalia sindano ya geji ya bluu, ikirudi hata kidogo tunaanza upya. Katika kusubiri akatupa na historia, alianza kazi na R12, ile gesi ya AC ya zamani iliyotoboa ozoni ikawekewa mkataba wa Montreal 1987, akaja kuhamia R134a iliyokuja badala yake, na akasema siku hizi kuna watu wanachanganya na gesi ya kupikia ili wapate faida, inapoza kweli, ila inawaka, na wewe umeiweka mbele ya magoti yako. Dada akauliza yule fundi wetu aliweka ipi. Babu akasema hiyo tumuulize hewa, yeye ndo kaichukua yote.

Sindano haikurudi. Gesi akaiweka kwa mzani, mtungi umekaa juu ya mzani anaangalia gramu zinavyopungua, akafuata kilichoandikwa kwenye stika chini ya boneti, maana ikizidi nayo haipoi. "Ta!" kilachi kikanasa. Geji ya bluu ikatulia 30 na kitu, nyekundu 220. Dada akatoa kwenye pochi kipimajoto chake cha jikoni akakichomeka kwenye tundu la dashibodi, ikashuka, ikashuka, ikasimama nyuzi 8. Babu akakiomba akishike, akakigeuza geuza, akauliza kinauzwa wapi.

Jumamosi tumetoka Mbagala ghorofa zote tano za keki nyuma, foleni kama kawaida, Uhasibu, Tazara, Buguruni, mi nimevaa sweta, sitanii, dada kageuka nyuma njia nzima anatazama maboksi. Tumefika ukumbini Tabata, dada kashuka kwenda kuangalia meza ya keki ilipo. Karudi mbio. Umeme umekatika, jenereta la ukumbi limegoma, AC za mle ndani zote zimelala na feni zimesimama, watu wanajipepea na kadi za mwaliko.

"Usizime," akaniambia. "Inakaa humu humu mpaka MC aite."

Basi nimekaa kwenye pikapu nje ya harusi ya watu, injini inaunguruma, nakanyaga mafuta kidogo kila baridi ikipungua maana gari likisimama kompresa inazunguka polepole. Watoto wa harusini wamegundua kuna baridi, wamejipanga mlangoni wanataka waingie. Mzee mmoja wa kamati kaja kunigongea kioo, kijana gari lako linavuja maji chini. Nikamwambia mzee hayo ni ya AC, yakiacha kudondoka ndo uniite.

Dizeli iliyoteketea pale dada aliiandika kwenye risiti ya bwana harusi, mstari wake peke yake, na bwana harusi alilipa.