Vitanzi vitatu sebuleni

Mama alinipigia simu kutoka Tanga Jumamosi ile usiku, na baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, akasikiliza, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo redio mbona haijashika stesheni?" Nilimweleza kwamba haikuwa redio, bali mashine tatu za utepe za kurekodia sauti zilizokuwa zikizunguka kwa wakati mmoja sebuleni kwangu, kila moja ikirudia noti moja tu ya sauti ya mwanadamu, na kwamba huo mvumo alioupata kwenye simu ndio muziki wenyewe. Akaniambia basi niwape wageni wangu chai ya nguvu, maana kama muziki ndio huo, hapana shaka wanasinzia.

Hakukosea sana. Mmoja alikuwa amelala kwenye zulia, na katika muziki huu hilo si jambo la kumvunjia mtu heshima.

Ninaishi Köln, Ujerumani, na miaka yangu minne ya kwanza hapa niliimaliza nikipanga mizigo usiku kwenye uwanja wa ndege wa Köln/Bonn. Huko ndiko nilikoanza kuusikiliza muziki unaoitwa ambienti, ambao hauna mdundo wa kumwinua mtu kitini wala kiitikio cha kuimbia bafuni, bali hukaa chumbani kama harufu ya udi, ukitaka unauvuta, usipotaka unauacha uelee. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alinipa nakala ya Music for Airports ya Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, ya mwaka 1978, akaniambia kwamba wazo la rekodi hiyo lilipatikana papo hapo tulipokuwa tumekaa. Nilidhani ananitania. Kumbe Eno mwenyewe ameshasimulia kwamba katikati ya miaka ya 1970 alikaa saa kadhaa katika uwanja huu akisubiri ndege, akaona jengo linapendeza na mwanga unapendeza, ila muziki uliotoka kwenye spika ulikuwa wa hovyo, akaanza kujiuliza ni muziki wa namna gani ungefaa mahali ambapo watu wanasubiri, wanaagana na pengine wanaogopa kupanda. Jengo hilo lilisanifiwa na Paul Schneider-Esleben, ambaye mwanawe, Florian Schneider, ni mmoja wa waanzilishi wa kundi la Kraftwerk, kwa hiyo baba alijenga kuta na mtoto akaingia katika historia ya muziki wa elektroniki kwa mlango mwingine. Upande wetu wa mizigo, lakini, hapakuwa na utulivu wa aina yoyote. Kulikuwa na milio ya foklifti na makelele ya wasimamizi, na Eno nilimsikiliza kwenye basi la alfajiri, nikirudi kulala.

Kipande kilichonishika ni cha pili, kiitwacho 2/1, ambacho hakina ala hata moja, ni sauti za watu tu zikivuta noti ndefu. Kilitengenezwa katika studio ya mtayarishaji wa muziki Conny Plank, iliyokuwa katika nyumba ya zamani ya shamba nje ya Köln, na namna kilivyotengenezwa ndiyo iliyonifanya niache kuwa msikilizaji tu na kuanza kujaza nyumba vyuma vizito. Kila noti iliimbwa, ikarekodiwa kwenye kipande cha utepe, kisha ncha mbili za utepe zikaunganishwa kuwa kitanzi kirefu mno kwa mashine, kikabidi kipitishwe nje na kuzungushwa kwenye miguu ya viti vya alumini vilivyokuwamo studioni. Kwa kumbukumbu ya Eno, kitanzi kimoja kilijirudia kila baada ya sekunde 23 na nusu, kingine sekunde 25 na sehemu saba kati ya nane, na kingine sekunde 29 na sehemu kumi na tano kati ya kumi na sita. Urefu haulingani na hauna uhusiano wowote, kwa hiyo noti hukutana, hupishana, huacha pengo, na hakuna mtu aliyeketi kupanga zikutane wapi. Siku moja nilichukua kalamu nikakokotoa ni lini vitanzi hivyo vitatu, vikianza pamoja, vingerudi kuanza pamoja tena, nikapata siku 27 kasoro kidogo. Rekodi yenyewe haifiki hata dakika tisa. Tulichouziwa kwenye santuri ni kama kuchungulia dirishani kwenye kitu ambacho kingeweza kuendelea karibu mwezi mzima bila kujirudia.

Tuko watano tunaokutana kusikiliza muziki huu, na sharti letu ni kwamba kila mmoja aje na rekodi moja na kifaa kimoja chenye waya wa umeme. Mkubwa wetu ni mzee mstaafu aliyewahi kutengeneza mitambo ya redio, na bila yeye mashine yangu ingekuwa meza ya kuwekea maua. Niliinunua kwa mtu aliyeapa kwamba inafanya kazi, nikaibeba ngazi nne, nikaiwasha, na baada ya dakika kama kumi ikatoa mlio wa kupasuka na moshi mweupe wenye harufu ambayo haikutoka kwenye mapazia wiki nzima. Mzee alipofika aliinusa tu, kama mpishi anavyonusa sufuria, akasema kapasita, yaani kile kijisehemu kinachotunza umeme kidogo ndani ya mashine. Kapasita za karatasi za enzi zile hufanya nyufa kwenye ganda lake kadiri miaka inavyopita, unyevu huingia, na siku ukiwasha umeme baada ya miaka ishirini ya kukaa stoo, zinapasuka. Alibadilisha zote, si ile moja tu, kisha akachukua pamba na spiriti akaanza kusafisha hedi, kile kichwa kinachogusa utepe na kusoma sauti. Hapo nilirudishwa Ngamiani, kule Tanga, kwa fundi wetu wa redio kaseti, aliyekuwa akifanya jambo hilo hilo kwa mkono ule ule mwepesi, na ambaye alikuwa akitufukuza watoto kibandani kwake akisema vumbi letu linaua muziki.

Jumamosi hiyo ninayoisimulia tulikuwa na mashine tatu, kwa hiyo tukaamua kujaribu vitanzi vitatu. Mke wa rafiki yangu mmoja, ambaye huimba kwaya, alitupa noti tatu, kila moja kwa pumzi moja. Mashine zetu huendesha utepe kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo kitanzi cha sekunde 23 na nusu kilihitaji mita nne na nusu hivi, na cha karibu sekunde 30 kikakaribia mita sita. Kuunganisha utepe ni kazi ya wembe. Unalaza ncha mbili kwenye kijibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari ili kiungo kipite kwenye hedi polepole badala ya kugonga kwa mara moja, unazisogeza zigusane bila kupandana, unabandika kipande chembamba chenye gundi upande wa nyuma na kuisugua kwa ukucha. Nilikosea mara mbili. Kiungo changu cha kwanza kiliacha uwazi mwembamba kama unywele, na kila kilipopita kilitoa mlio mdogo, tik, kama mjusi ukutani.

Taabu kubwa, hata hivyo, ni kuweka utepe ukiwa umekazwa. Ukilegea unachezacheza mbele ya hedi na sauti inayumba, ukikaza mno injini inalemewa, na kuna mashine ambazo zikihisi utepe hauko mahali pake hujizima zenyewe, maana zinadhani umekwisha. Tulitumia fimbo ya ufagio, stendi ya maikrofoni, na miguu ya viti vyangu vya mbao, na kwa muda wa saa nzima sebule yangu ilifanana na kibanda cha mshona nyavu. Jirani wa chini alikuja kuuliza kama tunahama.

Zilipoanza kuzunguka zote tatu, dakika za mwanzo zilinivunja moyo. Nilisikia mashine, wala si muziki: noti ya chini, kimya, noti ya juu, ule mlio wa mjusi, kimya. Nadhani sikio lilikuwa bado linatafuta utaratibu, likitegemea kwamba baada ya hiki kitafuata kile. Kisha, bila mimi kujua ni saa ngapi, niliacha kungoja. Noti mbili ziliangukiana zikatoa mtetemo ambao hakuna aliyeuimba, ya tatu ikaingia juu yake ikiwa imechelewa kidogo, na watu wote watano tukainua vichwa kwa pamoja. Haikutokea tena usiku ule. Simu ya mama iliingia muda mfupi baadaye, na labda ndiyo sababu sikuweza kumpa maelezo ya maana.

Tulipozima, tuligundua kwamba kitanzi kirefu kilikuwa kimepoteza ung'avu wake. Mguu wa kiti ulikuwa unakikwaruza, na unga wa rangi ya kahawia ulikuwa umebaki kwenye mbao. Unga huo ndio sauti, kwa sababu utepe si chochote ila plastiki iliyopakwa chembe za madini zinazoshika usumaku, na chembe zikibanduka kinachobanduka ni muziki. William Basinski, mwanamuziki aliyekuwa akiishi New York, aliligundua hilo kwa kiwango kikubwa zaidi katika kiangazi cha mwaka 2001, alipokuwa akihamishia kwenye dijitali vitanzi alivyovirekodi miaka ya 1980. Vilikuwa vikibomoka vikipita kwenye hedi, akaviacha vizunguke hadi vikafifia, na rekodi ya kufifia huko ndiyo The Disintegration Loops. Mzee wetu huipenda kuliko zote. Mimi huisikiliza mara moja kwa mwaka, inatosha, maana najua namna itakavyoisha tangu dakika ya kwanza.

Ya kwangu ni Discreet Music ya Eno, ya 1975, au niseme upande wake wa kwanza tu, kwa kuwa upande wa pili, ule wa kuchezea muziki wa mtunzi wa kale Pachelbel, sijawahi kuumaliza. Mapema mwaka huo Eno aligongwa na teksi jijini London, na akiwa amelala anapona, rafiki yake alimletea santuri ya kinubi. Alijikokota kuiweka, akarudi kitandani, ndipo akatambua kwamba sauti iko chini mno na spika moja haifanyi kazi, naye hana nguvu za kuinuka tena. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Alilala akisikia noti chache zilizoweza kupenya mvua, akaona kwamba hata hivyo zinatosha. Miezi michache baadaye alitengeneza nusu saa ya muziki kwa sinthesaiza ndogo ya kampuni ya EMS na mashine mbili za utepe za Revox, utepe mmoja ukitoka ya kwanza na kuingia ya pili ili kila sauti irudi baadaye ikiwa imefifia kidogo. Naipenda kwa sababu imetokana na spika mbovu, na sisi tuliokulia kwenye redio zenye spika moja tunaielewa bila kufundishwa.

Jumamosi hiyo, lakini, zamu yangu ya rekodi niliitumia kwa Peel ya KMRU, iliyotoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna. KMRU ni Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule aliyekuwa gwiji wa nyimbo za Kikuyu na kufariki mwaka 2018, na siku hizi maskani yake ni Berlin. Huchukua sauti za mahali, akazinyoosha na kuzitandaza hadi usijue tena ni upepo, ni gari au ni kinanda, na kipande kinachobeba jina la rekodi kinazidi dakika ishirini bila kuharakisha lolote. Wenzangu walisikia ukungu. Mimi nilisikia ile saa baada ya magharibi ambapo jenereta ya jirani, adhana ya mbali na mabasi ya barabara kuu vinakuwa kitu kimoja. Hatukubishana sana.

Tulichobishania ni vifaa. Kijana wetu mdogo kabisa alikuja na kompyuta yenye programu inayoiga Space Echo, ile mashine ya mwangwi ya Roland RE-201 iliyotoka mwaka 1974, na mwenzetu mwingine alikuwa na mashine halisi. Tulifungua kifuniko chake tukatazama: utepe mmoja mrefu umelala ovyo kwenye kisanduku bapa kama tambi kwenye sahani, hauna reli, unavutwa kupita hedi moja ya kurekodi na tatu za kusomea, na umbali kati ya hedi hizo ndio unaozaa mwangwi. Tulipiga noti ile ile kwenye vyote viwili, na kwa kweli nilipofumba macho nilikosea kutambua mara tatu kati ya tano. Siwezi kutetea bei wanazotaja wauzaji wa vyuma hivi leo, ni bei za wivu. Ila programu ya yule kijana ilikuwa na kitufe cha kuongeza uchakavu, unachagua utepe uwe umechoka asilimia ngapi, na kitufe hicho kilinikera kuliko nilivyoweza kueleza kwa Kijerumani.

Mkutano ujao mzee ataleta mashine ya nne. Viti vyangu vya mbao havifai, hilo limeshathibitika, na kwenye soko la vitu vya mitumba kando ya mto Rhein nimeona viti vinne vya bustani vya alumini, miguu yake mviringo na laini, kimoja kimepinda kidogo. Muuzaji hataki kuvitenganisha. Nitavifuata Jumapili asubuhi, nikipata mtu wa kunisaidia kuvibeba ngazi zile nne.