Faraday kwenye Benchi la Kawaida

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Yakobo 2:1-9, lile la mtu mwenye pete ya dhahabu anayeingia katika kusanyiko na kuonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, huku maskini akiambiwa asimame pale. Nimelichagua kwa sababu ya kalenda. Tarehe 25 Agosti ndiyo siku aliyofariki Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1867. Mafundi wengi wa jua kali hapa Nakuru wanapata riziki kwa kazi aliyoianza, hata wasiolijua jina lake.

Mtazame fundi anayesuka mota ya kinu cha kusagia mahindi iliyoungua. Anakata nyaya zilizokuwa nyeusi, anasafisha mifereji ya chuma, anatandika karatasi ya kukinga, kisha anapitisha waya mpya wa shaba mzunguko baada ya mzunguko, akihesabu kimoyomoyo. Ukimsemesha hapo hakujibu. Akimaliza anafunga kwa uzi na kupaka vanishi. Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alikuwa na kazi ya namna hiyo mezani pake: pete ya chuma, waya wa shaba umezungushwa upande huu na upande ule, uzi na kitambaa cha pamba vikitenga waya na waya. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa upande wa pili ilishtuka, ikatulia. Alipokata betri ikashtuka tena. Oktoba mwaka huohuo akapata umeme kwa kuingiza na kutoa sumaku ndani ya koili. Mvuke wa Olkaria, hapo Naivasha katika kaunti yetu, unazungusha mitambo kwa kanuni hiyohiyo, na stima yake ndiyo inayowasha vipaza sauti vyetu Jumapili.

Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi. Shule aliipata kidogo, hisabati kidogo zaidi. Akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu London alisoma vitabu vya wateja, akahudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy mwaka 1812, akaandika alichosikia, akakijalidi vizuri na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London ambako Davy alihutubia.

Lakini leo namtaka yule Faraday wa Jumapili. Aliabudu na Wasandemani, ushirika mdogo ambao wengi London hawakuujali. Hawakuwa na mchungaji wa mshahara. Wazee wa kanisa walihubiri kwa kujitolea, waumini hawakutakiwa kulimbikiza mali, na Jumapili walikula pamoja katikati ya ibada. Faraday aliungama imani yake hapo mwaka 1821, muda mfupi baada ya kumwoa Sarah Barnard, na mwaka 1840 akafanywa mzee wa kanisa.

Mwaka 1844 ushirika huo ulimtenga.

Wakati huo Ulaya nzima ya wasomi ilimjua. Hakuwa peke yake, wengine kadhaa walitengwa pamoja naye, na baada ya majuma machache alirudishwa. Uzee wa kanisa hakurudishiwa hadi mwaka 1860. Hesabu mwenyewe: miaka 16 ya kuketi benchi la kawaida, akiwasikiliza watu ambao nje ya mlango ule hakuna gazeti lingewataja. Hakuhama. Hakuanzisha kanisa lake, na pesa za kulianzisha angezipata. Mwaka 1845, bado jeraha ni bichi, alionyesha katika maabara yake kwamba sumaku inaweza kuathiri mwanga. Jumapili ikifika, benchini.

Sisi huwa tunalihubiri somo la Yakobo kwa upande wa maskini aliyesimamishwa, na ni sawa. Upande wa mwenye pete tunaupita haraka. Mheshimiwa akichelewa, ibada inakatizwa. Mashemasi wanawainua akina mama waliofika saa mbili asubuhi ili safu ya mbele ipatikane. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu. Nilifurahi. Hata hivyo maiki ndiyo sehemu rahisi. Kumtenga na Meza ya Bwana mtu aliyetoa mabati ya paa lote, hapo ndipo kikao cha wazee kinapoahirishwa mara tatu. Kijana akimpa binti mimba anasimamishwa kwaya wiki hiyohiyo.

Nina jambo dogo la kuongeza. Mitandaoni huzunguka orodha za wanasayansi walioamini, kana kwamba Injili inahitaji wadhamini. Faraday hafai kwa kazi hiyo. Katika mhadhara wa mwaka 1854 alitenganisha wazi imani ya dini na maarifa ya kawaida, ingawa palepale alinukuu Warumi 1:20, kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake.

Heshima alizozikataa zinajulikana zaidi: cheo cha kuitwa Sir, na urais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi Uingereza, alioombwa mara mbili. Alitaka kubaki Michael Faraday tu. Hata kuzikwa Westminster Abbey, kanisa la London wanamozikwa wakuu wa Uingereza, hakutaka. Alizikwa makaburi ya Highgate, London, mazishi ya familia. Nikifikiria matanga ya huku kwetu, mahema, picha kubwa na foleni ya wasemaji hadi jua linazama, sidhani wengi wetu tungemruhusu.

Tuombe. Baba, tunawakumbuka wazee wa makanisa yetu watakaokaa kikao wiki hii juu ya jambo la mtu mkubwa. Wape ulimi mmoja kwa tajiri na kwa kijana wa kwaya. Tunawakumbuka waliotengwa wakaona aibu kurudi. Wafungulie mlango, nasi utupe adabu ya kutowakodolea macho wakiingia. Walinde mafundi wetu wanaoshika nyaya kila siku. Kwa jina la Yesu. Amina.