Anatokwa damu, na wewe uko zamu ya usiku: jibu la usaili

Mdogo wangu ameitwa kwenye usaili wa uuguzi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, maombi yalipita Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, na mchujo wa kuandika haumtishi. Kinachomtisha ni mahojiano ya ana kwa ana, ndiyo maana amekariri majibu ya kwenye magrupu ya WhatsApp kama beti za kaswida. Nikitoka zamu namkuta ananisubiri hapa kwangu Mwanga, Kigoma mjini.

"Kwa nini ulichagua uuguzi?"

"Napenda kusaidia watu, dada."

Hata muuza mawese wa Kibirizi anasaidia watu. Nikambana mpaka akakumbuka mazoezi ya vitendo wodi ya watoto, alivyomweleza kwa Kiha mama mmoja kwamba zinki haikatizwi hata mtoto akiacha kuhara. Hilo ndilo jibu, na hakuna mwenzake atakayekuwa nalo.

Swali lililotuchelewesha ni la mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Alianza: "Ni kupoteza damu kuanzia mililita 500 ndani ya saa 24..." Sawa, lakini umeulizwa utafanya nini, na mama bado anavuja!

Anza na kuita msaada. Wengi wanalisahau kwa sababu kwenye daftari halionekani kama tiba. Mkono mmoja uko tumboni unakanda mfuko wa uzazi, mwenzako anavuta oksitosini, dawa ya kuubana mfuko huo, uniti 10 za kuchoma kwenye msuli. Weka kanula nene, ule mrija wa mshipani, chukua damu ya kupima kundi, toa mkojo, maana kibofu kikijaa mfuko haubani vizuri. Angalia kama kondo limetoka lote na kama kuna mchaniko. Pima presha na mapigo, andika na saa.

"Na ukiwa peke yako?" Akanyamaza. Kumbe anaweza kupangiwa zahanati ya Uvinza, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako rufaa huenda kwa boti. Pale msaada ni mhudumu wa afya, mlinzi, hata bibi aliyemsindikiza mzazi. Simu ya rufaa inapigwa mapema, dripu ikiwa inakwenda. Friji imekufa na oksitosini, inayotaka baridi, huiamini? Misoprostoli, nayo hubana mfuko: vidonge 4 vya maikrogramu 200, chini ya ulimi. Mwombaji anayeyasema haya anaonekana ameshaiwazia kazi yenyewe.

Mengine hayakutuchukua muda. Daktari ameandika dozi inayokutia shaka: usiitoe, usibishane mbele ya mgonjwa, mpigie uhakikishe, akishikilia mfuate kiongozi wa wodi, na uandike. Udhaifu wako? "Najituma kupita kiasi" paneli wameshalichoka. Mdogo wangu mikono inamtetemeka akimwekea kanula mtoto mchanga. Aseme hivyo, kisha aseme anajifunza kwa nani.

Kesho ni kifafa cha mimba. Nimemwachia kazi: aniambie anaangalia nini kwa mgonjwa kabla ya kurudia dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, na ni dawa gani lazima iwe karibu endapo pumzi itapungua. Akinijibu "nitafuata mwongozo", tunaanza upya.