Mvivu Alinishinda: Kusahihisha Utabiri Wangu wa Msimu wa 2024/25

Jioni ya tarehe 15 Agosti 2024, siku moja kabla ya Manchester United kuifunga Fulham bao 1-0 katika mchezo wa kufungua Ligi Kuu ya Uingereza, niliandika msimamo mzima wa timu 20 kama nilivyoamini kwamba ungesomeka mwezi Mei. Pembeni niliongeza majibu ya maswali machache kuhusu mfungaji bora, kocha wa kwanza kutimuliwa na bingwa wa Ulaya, kisha nikaapa kutogusa hata mstari mmoja. Sasa msimu umekwisha na karatasi ninayo. Kwa kuwa shabiki hukumbuka vizuri alichopatia na kusahau upesi alichokosea, nimeamua kuisahihisha kwa hesabu.

Kanuni niliyoitumia ni rahisi: kwa kila timu nimechukua nafasi niliyoitabiria na nafasi iliyomalizia, nikahesabu tofauti bila kujali kama timu ilipanda au ilishuka, kisha nikajumlisha tofauti zote. Anayepata sifuri ametabiri kila kitu sawasawa. Jumla yangu ni 70, namba ambayo peke yake haisemi kitu, kwa hiyo nikamtunga mshindani ambaye nitamwita Mvivu. Yeye hafuatilii usajili, hatazami mechi za kirafiki na hasomi uchambuzi wowote. Ananakili msimamo wa msimu uliopita kama ulivyo, na nafasi tatu za mwisho anawapa waliopanda daraja kwa mpangilio waliopanda nao, yaani Leicester, Ipswich na Southampton. Mvivu amepata 64. Miezi yangu miwili ya kusoma, kubishana na kuchora vikosi ilinipeleka mahali pabaya kuliko pale ambapo ningefika kwa kunakili tu.

Nianze na kosa linaloniuma. Arsenal niliiweka ya kwanza, nami sitaficha kwamba ni timu yangu, lakini wakati ule niliona nina hoja: msimu wa 2023/24 ilikuwa imekusanya pointi 89, mbili tu nyuma ya Manchester City, na beki yake ilikuwa imara. Ilimaliza ya pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii ikiwa na pointi 74 na sare 14. Mashabiki wenzangu hutaja kadi nyekundu za Declan Rice, Leandro Trossard na William Saliba katika wiki za mwanzo, na majeraha ya Bukayo Saka, Gabriel Jesus na Kai Havertz, na yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kuna jambo lililokuwa wazi tangu Agosti ambalo sikulipa uzito wowote, nalo ni kwamba timu ilikuwa ikiingia msimu bila kumnunua mshambuliaji wa kati. Mwezi Februari Mikel Merino, kiungo, alipolazimika kusimama mbele na kufunga mabao yote mawili dhidi ya Leicester, nilishangilia kama kila mtu, ilhali mabao yale yalikuwa yakinionyesha kasoro ambayo ningeweza kuiandika miezi sita kabla.

Katika kilele cha msimamo, kosa halikuwa kubwa kwa hesabu, kwani Liverpool niliipa nafasi ya tatu na City ya pili. Kwa upande wa sababu nilizoziandika, lakini, lilikuwa kubwa mno. Niliandika kwamba Liverpool ingehitaji mwaka mzima kumzoea kocha mpya Arne Slot baada ya kuondoka kwa Jürgen Klopp, hasa kwa kuwa hadi siku ile ilikuwa haijanunua mchezaji hata mmoja majira yale. Slot alitwaa ubingwa tarehe 27 Aprili 2025 kwa kuifunga Tottenham 5-1, mechi nne zikiwa bado. Kumhusu Mohamed Salah niliandika sentensi ambayo naomba isinukuliwe popote: kwamba ana miaka 32, mkataba wake uko ukingoni, na hatafikisha mabao 15. Alifunga 29 na kutoa pasi za mabao 18, jumla 47, sawa na rekodi ya Andy Cole na Alan Shearer ambayo wao waliiweka katika misimu ya mechi 42.

City, kwa upande wake, imenipa pointi nzuri nisizostahili. Niliishusha hadi nafasi ya pili kwa hoja kwamba mataji manne mfululizo huwachosha wachezaji, nayo ikamaliza ya tatu, kwa hiyo nimekosea kwa nafasi moja tu. Lakini kilichoiangusha zaidi hakikuwa uchovu niliouwazia. Ni goti la kiungo wake Rodri, lililoumia tarehe 22 Septemba katika sare ya 2-2 na Arsenal, na baadaye timu hiyo ikapita kipindi cha kushinda mechi moja tu kati ya 13 za mashindano yote. Mwalimu wa hesabu anayekagua njia pamoja na jibu angenipa sifuri hapo.

Sasa nifike kwa timu tatu ambazo peke yake zinabeba 34 kati ya zile 70: Tottenham, Nottingham Forest na Manchester United.

Tottenham niliipa nafasi ya nne, nayo ikamaliza ya 17. Shabiki wa Arsenal kuiweka Tottenham, mahasimu wetu, katika nne bora kunahitaji maelezo, na maelezo ya kweli ni kwamba nilitaka kuonekana mtu asiye na upendeleo. Nilijiambia kwamba ujio wa Dominic Solanke ungetibu tatizo la mabao, na kwamba kocha Ange Postecoglou katika mwaka wake wa pili angekuwa amekwisha kuifunza timu mtindo wake. Kumbe kujilazimisha kuwa wa haki nako ni upendeleo, tofauti ni kwamba umegeuka upande. Ilifungwa mechi 22 za ligi, mabeki wake wa kati wakiwa nje kwa muda mrefu. Halafu kuna kichekesho kinachonisumbua hadi leo: pembeni ya karatasi niliandika kwamba Tottenham itarejea katika Ligi ya Mabingwa, na ilirejea kweli, kwa kuwa tarehe 21 Mei iliifunga Manchester United 1-0 kule Bilbao na kutwaa Ligi ya Europa. Nimebishana na nafsi yangu kwa siku mbili kama nijipe alama. Nimejinyima, maana mtu anayetabiri kwamba mgeni ataingia kupitia mlangoni hawezi kudai ushindi mgeni akiingilia dirishani.

United niliipa nafasi ya tano, ikaishia ya 15 kwa pointi 42. Hapa kilichonidanganya ni mchezo mmoja, fainali ya Kombe la FA ya Mei 2024 ambayo iliifunga City 2-1. Ilikuwa imemaliza ligi ya nane, tena kwa kuruhusu mabao mengi kuliko iliyofunga, lakini nikaacha dakika 90 zifute mechi 38. Erik ten Hag aliondolewa tarehe 28 Oktoba, akiwa kocha wa kwanza wa ligi kupoteza kazi msimu ule. Mimi katika swali hilo nilikuwa nimemtaja Sean Dyche wa Everton, ambaye alikuja kuwa wa sita, mwezi Januari.

Forest ndiyo kosa ambalo nimejifunza kitu kwalo. Niliiandika ya 18, ishuke daraja, nayo ikamaliza ya saba. Ingekuwa rahisi kujitetea kwamba msimu wa nyuma ilikatwa pointi nne na msimamo ukanipotosha, lakini nimepiga hesabu, na hata ukizirudisha pointi hizo ilikuwa inabaki na 36 na nafasi ile ile ya 17. Namba za msimu wa nyuma hazikuwa na habari iliyofichika. Habari ilikuwa katika usajili, nilikojisifu kwamba ninautazama kwa makini: Nikola Milenković alitoka Fiorentina akaja kusimama na Murillo katikati ya beki, mbele ya kipa Matz Sels, aliyemaliza na mechi 13 bila kuruhusu bao, sawa na David Raya wa Arsenal. Forest ilimwachia mpinzani mpira, ikakaa nyuma na kungoja nafasi ya kumpasia Chris Wood, aliyefunga mabao 20. Mwezi Septemba iliifunga Liverpool 1-0 Anfield, na hata siku ile niliita bahati.

Kuhusu waliopanda daraja, niliokoa timu moja, Southampton, nikaipa nafasi ya 17. Sababu yangu ilikuwa kwamba timu zote tatu zilizopanda zilikuwa zimeshuka msimu wa 2023/24, jambo ambalo kabla ya hapo lilitokea mara moja tu katika historia ya Ligi Kuu, mwaka 1998, kwa hiyo haliwezi kujirudia mwaka unaofuata. Ni fikra ya mtu anayerusha sarafu na kuamini kwamba sarafu inakumbuka ilivyoanguka mara iliyopita. Southampton ilishuka ikiwa na mechi saba mkononi na kumaliza na pointi 12, moja zaidi ya zile 11 za Derby County za msimu wa 2007/08. Leicester na Ipswich ziliifuata, na Mvivu akapata nafasi zote tatu bila kosa.

Timu niliyoipatia kikamilifu ni moja tu, Wolves, ya 16. Nilisema ingeteseka baada ya kuwauza Max Kilman na Pedro Neto, na kweli iliteseka hadi kocha Gary O'Neil akaondolewa Desemba. Sikusema kwamba Vítor Pereira angekuja na kushinda mechi sita mfululizo majira ya kuchipua. Isitoshe ilimaliza na pointi 42 sawa na United, ikiwa nyuma kwa tofauti ya mabao. Mabao machache tu yangegeuka, nami ningekuwa sina hata jibu moja sahihi.

Majibu mengine yanapita haraka. Mfungaji bora nilimtaja Erling Haaland, aliyemaliza na mabao 22, nyuma ya Salah na Alexander Isak mwenye 23. Bingwa wa Ulaya nilisema Real Madrid, kwa kuwa Kylian Mbappé alikuwa amejiunga nayo, na hilo ndilo kosa pekee ninalolifurahia, kwani ni Arsenal iliyoitoa Real katika robo fainali kwa 3-0 nyumbani na 2-1 ugenini, Rice akipiga mipira miwili ya adhabu siku ile ya kwanza ambayo bado ninairudia kuitazama. Taji lilikwenda kwa PSG, timu ambayo Mbappé aliiacha, kwa ushindi wa 5-0 dhidi ya Inter.

Utabiri wa Mvivu wa msimu wa 2025/26 uko tayari, umemchukua dakika tano: Liverpool juu, Arsenal, City, na kuendelea hadi chini ambako amewaweka Leeds, Burnley na Sunderland. Wangu una nafasi moja tu iliyojazwa, ile ya kwanza, na jina lililopo ni lile lile la mwaka jana.