Kumbukumbu ya mradi: Alesis HD24, kutoka diski ya IDE hadi SSD

Ijumaa. HD24 ni kinasa sauti cha treki 24 (njia 24 za sauti), chenye trei mbili za kuchomeka diski. Diski ya trei 1 inagonga: tik, tik, kimya, kisha tik tena. Ni mkono wa kusomea unaorudi mwanzo kila unapokosa sekta (kipande kidogo cha data kwenye diski). Ikifika hapo hairekodiwi tena hata sekunde moja. Kila dakika inayozunguka itumike kunakili nyimbo.

Onyo kabla ya bisibisi. HD24 huhifadhi kwa mfumo wake yenyewe, FST, ambao Windows haiutambui. Ukichomeka diski kwenye kompyuta, Windows itaomba kuiandaa. Kataa. Ukikubali, inaandika juu ya sekta za mwanzo.

Vifaa: SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya inchi 2.5 ya GB 120, adapta ya SATA (kiunganishi kipya cha diski) kwenda IDE (cha zamani) yenye chipu ya JM20330, bisibisi ya nyota, skrubu nne za M3. Skrubu za diski ya inchi 3.5 zina nyuzi pana zaidi, haziingii kwenye SSD, usilazimishe. GB 120 imechaguliwa makusudi, iko chini ya GB 137 ambao ndio ukomo wa IDE ya zamani. Hesabu ya muda wa kurekodi: treki 24, biti 24, 48 kHz ni baiti 3,456,000 kwa sekunde, yaani GB 12.4 kwa saa. Zinapatikana saa tisa na ushee.

Diski ya SATA ya inchi 3.5 haifai hapa: ina urefu wa milimita 147, adapta ikikaa nyuma yake trei haifungi. SSD ina milimita 100, nafasi inabaki.

Jumamosi. Mashine imezimwa, trei 2 imetolewa na kufunguliwa. Mstari mwekundu wa waya bapa ukae upande wa pini 1. Adapta inapata umeme kwenye plagi ileile ya pini nne iliyokuwa ya diski.

Kuwasha: trei 2 haionekani kabisa. Sababu ni jampa, kiunganishi kidogo cha pini kinachochagua nafasi ya diski. Adapta ilikuwa kwenye "cable select" (waya ndio unaochagua nafasi), na hali hiyo hutegemea waya wa 28, ambao kwenye trei hauna kazi hiyo. Jampa ikahamishiwa "master" (diski kuu), SSD ikaonekana hapo hapo. Imefomatiwa ndani ya HD24 yenyewe, si kwingine.

Kunakili kutoka trei 1 kwenda 2 kumefanywa wimbo mmoja mmoja, wenye thamani kubwa kwanza. Ukinakili diski nzima kwa mkupuo, sekta moja mbovu inaweza kukwamisha kazi yote. Nyimbo tisa kati ya kumi na moja zimepita. Mbili zilizobaki zinasubiri ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye Linux, ambayo husoma sekta zilizo salama kwanza na kurudia mbovu mwishoni:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb hd24.img hd24.map`

Hakikisha jina la diski kwa amri ya `lsblk` kabla ya kubonyeza Enter.

Jumapili. Jaribio: treki zote 24 zimewekwa tayari kurekodi, toni ya 1 kHz kutoka kwenye mikisa, saa nzima bila kusimama. Treki mbili tatu hazitoshi kuisumbua diski. Hitilafu ya adapta hujitokeza mzigo ukiwa kamili. Dakika 60 zimeisha bila ujumbe wa kosa, na toni imesikilizwa mwanzo, kati na mwisho wa kila treki.

Diski ya zamani imeandikwa tarehe na kuwekwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Haifutwi mpaka zile nyimbo mbili zipatikane.